Sista Dorothy Stang: Msitu wa Wote Sio Shamba la Bibi

 

Wiki hii tunakwenda mbali kidogo, mpaka Brazili, ndani ya msitu wa Amazoni. Tunakutana na mtawa wa miaka 73, mwenye miwani, anayetembea kwenye barabara ya matope akiwa na mfuko wenye Biblia. Kama una miaka 20 au pungufu, huyu bibi aliuawa kabla wewe hujazaliwa. Kanisa bado halijamtangaza mtakatifu, kwa hiyo usitafute sikukuu yake kwenye kalenda ya liturujia. Ila naamini ukimaliza kusoma hapa utamkumbuka kwenye sala zako.

Kabla hatujaanza, kuna msemo wetu mmoja nataka uushike: shamba la bibi. Tukisema kitu kimegeuzwa shamba la bibi, tunamaanisha mali ya wote ambayo kila mwenye kikapu anaingia, anachuma, anaondoka, na hakuna wa kumuuliza. Bibi mwenyewe hana nguvu ya kufukuza mtu. Sasa misitu mingi ya umma duniani iko hivyo. Kwenye karatasi ni ya wananchi wote. Kwenye hali halisi ni ya yule mwenye msumeno na lori.

Sista Dorothy aliishi miaka zaidi ya 20 akikataa jambo hilo. Hakuwa na bunduki, hakuwa na cheo. Alichofanya ni kukaa pale.

Mtoto wa Dayton

Dorothy Mae Stang alizaliwa tarehe 7 Juni 1931 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Nyumbani walikuwa watoto tisa. Wazazi walikuwa Wakatoliki wa kweli kweli, wa sala za pamoja na kazi za mikono. Walikuwa na bustani ya mboga, na mabaki ya jikoni hayakutupwa, yalirudi shambani kuwa mbolea. Ni jambo dogo, lakini kumbuka hilo, maana huyu binti alijua udongo tangu utotoni.

Mwaka 1948, akiwa bado msichana wa miaka 17, aliingia shirika la Masista wa Notre Dame de Namur. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1804 na Mtakatifu Julie Billiart, mwanamke aliyepooza miguu kwa miaka mingi na bado akawafundisha watoto dini akiwa kitandani. Kazi yao ni elimu, hasa kwa maskini. Hata bara letu wanalijua vizuri: masista hawa wapo Kongo tangu mwaka 1894.

Sista Dorothy alipangiwa kufundisha shule ya msingi. Alifundisha miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa Arizona, kwenye joto kali, kati ya familia za vibarua wa Kimeksiko waliovuna mashamba ya watu na pia kati ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi ile. Huko ndiko alikoanza kuona kwamba mtoto hawezi kusoma vizuri kama baba yake hana pa kulala na hajui kesho atafanya kazi wapi.

Kuwafuata watu

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kanisa liliomba mashirika ya watawa yapeleke watu Amerika ya Kusini. Dorothy akakubali. Mwaka 1966 alifika Brazili, akapelekwa Coroatá katika jimbo la Maranhão. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi.

Kazi yao ya kwanza tungeielewa haraka sisi huku. Walianzisha jumuiya. Ndiyo, jumuiya ndogo ndogo kama hizi zetu za mtaani: watu wachache wanakusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, halafu wanaulizana leo Injili hii inasema nini kuhusu maisha yetu. Sasa ukiwauliza hivyo watu wanaolima ardhi ya mtu mwingine na kumpa sehemu kubwa ya mavuno, usishangae wakianza kuzungumza habari za ardhi.

Miaka ya 1970 serikali ya kijeshi ilipasua msitu na kujenga barabara kuu ya Transamazônica, kutoka mashariki kuelekea magharibi ya nchi. Ikatangaza kwamba wasio na ardhi waende huko, ardhi ipo. Maelfu ya familia maskini wakafunga virago. Baadhi walikuwa watu wa jumuiya za Dorothy. Naye akaona haina maana kubaki na kanisa tupu wakati waumini wameingia msituni bila shule, bila zahanati na bila padre. Akawafuata mpaka jimbo la Pará.

Mwaka 1982 alimwendea Askofu Erwin Kräutler wa Xingu, akamwomba kitu kimoja: apelekwe kwa walio maskini kuliko wote. Akaelekezwa Anapu, kando ya Transamazônica. Akakaa huko mpaka kifo. Alichukua uraia wa Brazili, akawa mtu wa pale.

Hati za nyenje

Hapa inabidi tuelewe jinsi msitu wa umma unavyoibwa. Twende taratibu kidogo.

Ardhi kubwa ya eneo la Anapu ilikuwa mali ya serikali ya shirikisho, yaani ya Wabrazili wote. Miaka ya 1970 serikali ilikata sehemu yake kuwa vipande vya hekta 3,000 na kuwapa matajiri kwa mkataba. Sharti lilikuwa kwamba wakiendeleze kipande katika muda uliopangwa, wakishindwa kinarudi kwa umma. Wengi hawakufanya chochote. Kisheria, vipande hivyo vilitakiwa kurudi. Lakini badala ya kurudi vilianza kuuzwa mkono kwa mkono, kila mnunuzi akisema yeye ndiye mwenye mali.

Pale ambapo hati haikuwepo, ilitengenezwa. Wabrazili wana neno lao kwa wizi huu wa ardhi, grilagem, linalotokana na jina la mdudu nyenje, yule anayelia usiku. Inasimuliwa kwamba watu walikuwa wanaandika hati ya uongo, wanaifungia kwenye sanduku pamoja na nyenje, na baada ya muda karatasi inatoka imetafunwa na kuwa ya njano kama ya zamani. Ukiiona unasema kweli, huyu alirithi kwa babu yake.

Halafu kazi inaanza. Kwanza wanaingia wakataji magogo. Wanafungua njia ya trekta kufuata miti ya thamani, mahogani na ipê, ile migumu inayotengeneza sakafu za nyumba za watu wa mbali. Miti hiyo ni mikubwa na ya zamani, haikui kwa maisha ya mtu mmoja. Ikishatoka, kilichobaki kinachomwa moto. Wanamwaga mbegu za majani, wanaleta ng'ombe. Fedha ya mbao imelipia kufyeka, ng'ombe wanathibitisha kwamba shamba linatumika, na mwisho ardhi inauzwa kwa bei ya juu. Familia maskini iliyokuwa inaishi pale inafuatwa usiku na watu wenye silaha na kuambiwa iondoke. Nyumba inachomwa.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukisikia watu wanatenganisha habari za miti na habari za maskini, jua hawajafika Anapu. Aliyeiba mti ndiye huyo huyo aliyemfukuza mkulima.

Asilimia 80

Sista Dorothy hakuwa mtu wa kusema msitu usiguswe kabisa. Aliishi na wakulima, alijua wanahitaji kula. Mwanzoni wakulima wenyewe nao walikuwa wanafyeka na kuchoma kama walivyozoea huko walikotoka. Lakini udongo wa Amazoni unadanganya. Juu kuna msitu mnene, chini rutuba ni kidogo, maana utajiri wake uko kwenye majani yanayoanguka na kuoza. Ukiondoa miti, baada ya mavuno machache shamba limechoka, na unahamia mbele kufyeka tena.

Basi pamoja nao akatafuta njia nyingine. Njia hiyo iliingia kwenye mpango wa serikali ulioitwa Mradi wa Maendeleo Endelevu, kwa kifupi cha Kireno PDS. Katika eneo la Anapu iliundwa miwili: mmoja uliitwa Esperança, yaani Tumaini, na mwingine Virola-Jatobá, kwa majina ya miti miwili ya pale. Utaratibu wake ulikuwa hivi: ardhi inabaki ya umma, haiuzwi. Familia zinapewa haki ya kuishi na kulima. Asilimia 20 ya eneo inalimwa, asilimia 80 inabaki msitu, na msitu huo unatunzwa na wote kwa pamoja.

Kwenye ile asilimia 20 walipanda kakao, ndizi, mihogo, mpunga na pilipili manga. Kakao inapenda kivuli, kwa hiyo haihitaji ukate kila mti. Kwenye asilimia 80 waliokota matunda na njugu. Chukua mfano wa mti wa castanha, ambao njugu zake zinauzwa dunia nzima. Unaweza kuishi mamia ya miaka. Sheria ya Brazili inakataza kuukata. Lakini ukiuacha peke yake katikati ya malisho ya ng'ombe, hauzai kitu cha maana, kwa sababu nyuki wanaochavusha maua yake wanaishi msituni. Umeuacha mti, lakini umeua msitu, na mti nao umekuwa tasa. Unaona jinsi Mungu alivyovifunga vitu pamoja?

Na sio Anapu tu. Msitu wa Amazoni unapandisha mvuke mwingi hewani, na upepo unaupeleka mbali mpaka kusini mwa Brazili, ambako unashuka kama mvua kwenye mashamba na miji mikubwa. Mtu wa jijini anayefungua bomba hajui kwamba maji yake yalianzia kwenye jani huko Pará.

Mtawa na mafaili

Ukitaka muujiza kwenye maisha ya Sista Dorothy, pengine utachoka kutafuta. Siku zake nyingi zilikuwa za kawaida kabisa. Alianzisha shule ndogo ndogo vijijini na kuwaandaa walimu kutoka kati ya wakulima wenyewe. Alisaidia akina mama kuanzisha vikundi. Aliongoza ibada pale ambapo padre anafika mara chache kwa mwaka. Alifanya kazi na Tume ya Kichungaji ya Ardhi, chombo cha Kanisa la Brazili kilichoanzishwa mwaka 1975 kuwasaidia wakulima.

Na aliandika barua. Yaani barua nyingi. Kwa INCRA, shirika la serikali linalohusika na ardhi. Kwa IBAMA, linalohusika na mazingira. Kwa polisi, kwa waendesha mashtaka, kwa mawaziri. Alisafiri mpaka mji mkuu Brasília. Anakaa kwenye benchi la ofisi, anaambiwa arudi kesho, anarudi kesho. Alikuwa na ramani, alijua kipande gani mkataba wake umekwisha na kinapaswa kurudi kwa umma. Alitaja njia ambazo magogo yalikuwa yanapita. Mwaka 2004 alitoa ushahidi mbele ya tume ya bunge iliyokuwa inachunguza migogoro ya ardhi.

Mimi hapa ndipo aliponigusa zaidi. Sisi vijana tunapenda utume wenye picha. Tunapanda miche kumi siku ya mazingira, tunapiga selfi, tunaweka kwenye status. Sio vibaya. Lakini nani atarudi baada ya miezi mitatu kumwagilia? Nani atakwenda ofisini kuuliza ule msitu wa chanzo cha maji unakatwa kwa kibali cha nani? Sista Dorothy alikuwa mtu wa kurudi. Mali ya wote inaibwa kwa sababu mwizi ana subira kuliko wenye mali. Yeye alikuwa na subira kuliko mwizi.

Mwaka huo huo wa 2004 jimbo la Pará lilimpa uraia wa heshima, na chama cha mawakili kikampa tuzo ya haki za binadamu. Lakini huko Anapu wenye nguvu walimchukia. Walimsingizia kwamba eti anawapa wakulima silaha. Vitisho vya kumuua vilikuwa vinajulikana na kila mtu. Rafiki zake walimsihi aondoke kwa muda. Alikataa. Hoja yake ilikuwa rahisi: wakulima hawana pa kukimbilia, sasa yeye atakimbiaje awaache?

Tusifikiri kwamba hakuogopa. Alikuwa binadamu kama mimi na wewe. Aliomba ulinzi, tena zaidi aliuomba kwa ajili ya wakulima. Ulinzi haukuja.

Jumamosi baada ya Majivu

Mwaka 2005 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 9 Februari. Kwaresima ilikuwa imeanza tu. Wiki hiyo hali kwenye eneo la Esperança ilikuwa mbaya. Mfugaji mmoja alikuwa anadai kwamba kipande namba 55 ni chake, wakati kilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya mradi. Familia zilikuwa zimetishwa, majani ya malisho yalikuwa yamemwagwa juu ya mashamba yao. Sista Dorothy akaenda kukaa nao na kuitisha mkutano.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 12 Februari alikuwa anatembea kwenda kwenye mkutano huo. Njiani wakamzuia wanaume wawili. Walimuuliza kama ana silaha. Akawaonyesha Biblia yake, akawaeleza kwamba hiyo ndiyo silaha pekee aliyo nayo. Akaifungua, akawasomea Heri, zile tunazozisoma kwenye Injili ya Mathayo sura ya 5, zinazohusu maskini wa roho, wapole, wenye njaa ya haki na wapatanishi. Alipofunga Biblia na kutaka kuendelea na safari, walimpiga risasi sita. Mkulima mmoja aliyekuwa anakuja nyuma yake alijificha porini na kushuhudia. Mvua ilinyesha, na mwili ulikaa barabarani kwa saa kadhaa kabla ya kuchukuliwa.

Alizikwa Anapu, chini ya miti, mbele ya umati wa wakulima.

Tutulie hapa kidogo. Wale vijana wawili walioshika bunduki nao walikuwa watu wa chini, vibarua. Waliahidiwa fedha, reali 50,000. Sista Dorothy aliwasomea Injili kwa sababu kwake na wao walikuwa watu wa kuhubiriwa. Hakuwaona kama takataka. Mpaka dakika ya mwisho alikuwa mwalimu wa dini.

Baada ya risasi

Waliomuua walidhani wamemaliza shida. Kilichotokea ni kwamba dunia nzima ikauliza Anapu ni wapi. Serikali ikapeleka askari wapatao 2,000. Siku tano tu baadaye, tarehe 17 Februari 2005, Rais Lula alisaini amri za kuunda maeneo mapya ya hifadhi katika Pará. Kubwa kuliko yote ni hifadhi ya Terra do Meio, yenye zaidi ya hekta milioni 3.3. Hiyo ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria ya kusimamia misitu ya umma, inayosema msitu wa umma unabaki wa umma, na anayetaka kuvuna mbao ndani yake avune kwa kibali cha wazi, kwa utaratibu, chini ya usimamizi.

Tusiseme kwamba kifo chake peke yake kilifanya yote hayo. Mipango mingine ilikuwa imeanza: hifadhi, setilaiti za kufuatilia ukataji, askari wa mazingira. Lakini mambo yaliyokuwa yamelala mezani yaliamka. Mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Brazili ilipoteza kilomita za mraba 27,772 za msitu wa Amazoni. Hiyo nayo ni Rwanda nzima na zaidi, kwa mwaka mmoja. Mwaka 2012 hasara ilikuwa imeshuka mpaka 4,571. Baadaye ikapanda tena: mwaka 2021 ilizidi 13,000. Maana yake nini? Kwamba inawezekana kuulinda msitu, na kwamba ukiacha kuulinda unaanza kupotea tena mwaka huo huo.

Kesi nayo ilikuwa safari ndefu. Wauaji wawili walihukumiwa Desemba 2005. Lakini wafugaji wawili waliotuhumiwa kulipia mauaji waliendelea na rufaa miaka na miaka. Mmoja alihukumiwa, akaachiwa, akahukumiwa tena. Wa pili alikuja kuanza kutumikia kifungo chake kwa hukumu ya mwisho mwaka 2019, miaka 14 baada ya risasi. Na katika Anapu watetezi wengine wa ardhi, wakulima wa kawaida, wameendelea kuuawa. Majina yao hayajulikani kama la sista. Mungu anayajua.

Kwa hiyo hii sio hadithi ya ushindi uliokamilika. Msitu wa Esperança ulivamiwa tena na wakataji magogo. Wakulima walilazimika kuweka kambi na kuziba njia ili malori yasipite. Ni kazi isiyoisha, kama vile kulea mtoto au kusali. Huwezi kusema nilisali mwaka jana inatosha.

Kanisa halikumsahau. Oktoba 2019 Papa Fransisko aliitisha Sinodi ya Amazoni huko Roma, na mambo aliyoyaishi Dorothy, yaani kilio cha dunia na kilio cha maskini kuwa kilio kimoja, yalizungumzwa na maaskofu mezani. Mwaka 2025, udongo wa mahali alipouawa uliwekwa katika Basilika ya Mtakatifu Bartolomeo, Roma, inayotunza kumbukumbu ya mashahidi wa nyakati zetu. Udongo! Mtoto wa Dayton aliyekuwa anarudisha mabaki ya jikoni kwenye bustani, leo kumbukumbu yake ni udongo wa msitu.

Na sisi je?

Mafundisho ya Kanisa yanatuambia kwamba mali za dunia Mungu aliziumba kwa ajili ya wote. Ni rahisi kuitikia amina. Lakini mali ya wote bila mtu wa kuisimamia ndiyo hilo shamba la bibi tulilosema mwanzoni. Kitu cha Sista Dorothy ninachokuachia leo ni hiki tu: kuwa mtu mmoja anayekaa karibu na mali ya wote na kuijua. Kujua mipaka yake. Kujua nani anaingia. Kuuliza kwa adabu, kuandika, kurudi tena.

Huenda karibu na parokia yenu kuna msitu wa hifadhi, au chanzo cha maji, au hata kiwanja cha shule ambacho watu wameanza kukimega. Usikimbilie kuwa shujaa peke yako. Sista Dorothy hakuwa peke yake, alikuwa na jumuiya, na ndiyo maana kazi iliendelea baada yake. Anzeni hapo kwenye jumuiya, kwenye VIWAWA, kwenye kwaya. Wazee wa mtaa wanajua msitu ulikuwa unafika wapi zamani. Waulizeni, andikeni.

Maswali ya kujiuliza wiki hii:

1. Ni mali gani ya wote hapa kwetu ambayo mimi mwenyewe naichukulia kama haina mwenyewe?
2. Mbao, mkaa na kuni tunazotumia nyumbani na parokiani zinatoka wapi? Nimewahi kuuliza?
3. Kuna jambo jema nililolianza kwa kelele nikaliacha katikati? Naweza kurudi lini?

Jioni moja ya wiki hii, soma Heri polepole, Mathayo sura ya 5. Ukifika kwenye kila Heri, simama kidogo, ukikumbuka kwamba mtu aliwahi kuzisoma hizi kwa sauti mbele ya watu wenye bunduki, na hakubadilisha neno.

Tusali

Ee Mungu Muumba wetu, uliyeupanda msitu kabla hatujakuwepo, na ukatukabidhi tuutunze kwa ajili ya watakaokuja baada yetu. Tunakushukuru kwa maisha ya mtumishi wako Dorothy, aliyewafuata maskini mpaka mwisho wa barabara. Utupe subira yake ya kurudi tena na tena, na moyo wake usiochukia hata adui. Wapumzishe kwa amani wote waliouawa kwa kutetea ardhi na misitu, wanaojulikana na wasiojulikana. Wageuze mioyo wanaochuma mali ya wengi kwa ajili ya wachache. Na pale tulipogeuza zawadi yako kuwa shamba la bibi, utusamehe na utuamshe. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Wiki njema, tuombeane.